Maswali ya Wasomaji: Chai ya Kijani, Kitambi na Mafuta ya Damu

Barua nne zilizofika mezani kwetu mwezi huu zinauliza habari za kitu kimoja, nacho ni chai ya kijani. Tumezijibu pamoja, na ile ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa mwandishi wake alitupa vipimo vyake kamili, jambo ambalo wasomaji wachache hulifanya.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Bombo. Mwezi uliopita nilipimwa damu, nikaambiwa kolesteroli yote ni 6.1, LDL 4.0, HDL 1.0 na trigliseridi 2.4. Nikapewa atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, ya kumeza kila usiku. Dada yangu wa Kampala aliposikia akaniletea pakiti ya chai ya kijani yenye picha ya mwanamke wa kiuno chembamba, akasema kwamba yeye mwenyewe kitambi kimepungua kwa chai hiyo, na kwamba husafisha mafuta kwenye mishipa. Wiki ya tatu sasa nakunywa vikombe viwili kwa siku. Chai yetu ya maziwa sijaiacha, nainywa mara nne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Je, chai hii inafanya kazi kweli? Na naweza kuacha dawa? — Mama wa Bombo

Marahaba, Mama. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari: dawa usiiache. Sababu utaziona katika hesabu zilizo mbele, lakini kwanza nikiri kwamba dada yako hakukuletea uongo mtupu. Amekuletea jambo la kweli lililokuzwa kupita kimo chake.

Jani bichi la chai lina kundi la kemikali ziitwazo katekini, na hizo ndizo zinazoleta ule ukakasi unaokausha ulimi kana kwamba umetafuna ndizi mbichi. Iliyo nyingi kupita zote, na iliyochunguzwa zaidi, hujulikana kwa herufi EGCG. Kikombe kimoja cha chai ya kijani hutoa takriban miligramu 50 hadi 100 za EGCG, kutegemea jani lenyewe, joto la maji na muda wa kuliloweka, pamoja na kafeini ya miligramu 20 hadi 45, ambayo ni chini ya ile ya kikombe cha kahawa.

Kuhusu mafuta ya mwilini, maelezo ya wanasayansi ni haya. Mwili unapohitaji kutumia akiba yake hutoa homoni ya noradrenalini, ambayo huziamuru seli za mafuta ziyaachilie. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja homoni hiyo, na katika maabara EGCG hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi yake upesi. Kafeini nayo huirefusha amri ileile ndani ya seli kwa njia nyingine, ndiyo maana wawili hawa hutajwa pamoja. Mwaka 1999 watafiti wa Geneva, Uswisi, waliwaweka wanaume 10 kwa saa 24 katika chumba maalumu cha kupimia nishati inayotumiwa na mwili, wakawapa dondoo la chai ya kijani mara tatu kwa siku. Wakaona kwamba matumizi ya nishati yaliongezeka kwa takriban asilimia 4, na kwamba kafeini ya kiasi hichohicho ikitolewa peke yake haikuleta ongezeko hilo.

Asilimia 4 inasikika vizuri masikioni. Sasa tuipeleke jikoni. Kwa mtu ambaye mwili wake hutumia kalori 2,000 kwa siku, asilimia 4 ni kalori 80, ambazo hazifikii hata nusu ya chapati moja ya kukaanga. Tena hicho ndicho kipimo cha siku moja, kwa watu 10 waliofungiwa chumbani. Kinachotuhusu sisi ni kama mizani husogea baada ya miezi.

Japani majibu yalikuwa ya kutia moyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, wanaume walikunywa kila siku kwa wiki 12 chupa moja ya chai iliyoongezewa katekini hadi ikafikia miligramu 690, huku wenzao wakinywa chai inayofanana nayo yenye miligramu 22 tu. Kundi la kwanza lilipungua kilo 2.4 na la pili kilo 1.3. Tofauti ni kama kilo moja, na kiuno nacho kilipungua zaidi kwa kundi la kwanza. Lakini mwaka 2012 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, lilipitia majaribio ya chai ya kijani kwa watu wenye uzito uliozidi. Yale ya Japani yalionyesha tofauti ya kuanzia kilo 0.2 hadi 3.5. Yale yaliyofanywa nje ya Japani, yalipojumlishwa, yalitoa wastani wa kilo 0.04, yaani gramu 40. Gramu 40, Mama, hazifikii hata uzito ambao mtu huupoteza kwa kuvua viatu vya plastiki.

Kwa nini Wajapani wapungue na wengine wasipungue? Sababu zinazotajwa ni kadhaa: vinywaji vya majaribio ya Japani mara nyingi vilikuwa vimeongezewa katekini kupita chai ya kawaida, kimeng'enya nilichokitaja hapo juu hutofautiana kati ya watu kwa urithi, na watu waliozoea kafeini nyingi kila siku huonekana kupata nafuu ndogo kuliko wale wasioizoea. Jambo hilo la mwisho linakugusa wewe, mwenye vikombe vinne vya chai ya maziwa kabla hatujaihesabu ya kijani.

Na hapo nitue kidogo, kwa sababu barua yako imebeba jibu ambalo hukuliulizia. Vikombe vinne, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko 12 vya sukari kwa siku. Kijiko kidogo kikiwa kimesawazishwa hubeba gramu 4 hivi, na nimekaa katika nyumba nyingi za Bombo na Kibuli, sijaona mtu akikisawazisha. Hata kwa hesabu ya upole, hizo ni gramu 48, sawa na kalori 190 au zaidi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na huona ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kwa hiyo chai ya maziwa inakuongezea kalori mara mbili na zaidi ya zile ambazo chai ya kijani, kwa makadirio mazuri kabisa ya Geneva, ingekupunguzia. Chai ya kijani ina sifa moja ambayo matangazo hayaitaji: watu wengi huinywa bila sukari. Kama dada yako aliacha chai ya maziwa alipoanza hii mpya, kitambi chake kimepungua kwa haki, ila sifa amempa asiyestahili.

Sasa mafuta ya damu. Hapa ushahidi ni thabiti kuliko wa kiuno, ingawa kiasi bado ni kidogo. Chakula chenye mafuta kinapofika tumboni, nyongo huyagawanya mafuta hayo na kolesteroli kuwa matone madogo mno yanayoweza kupenya ukuta wa utumbo. Katekini huyavuruga matone hayo, na hivyo sehemu ya kolesteroli hushindwa kupenya na hutoka na choo. Kazi hii hufanyika ndani ya utumbo wenyewe, jambo lenye maana, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya EGCG tunayokunywa ambayo huingia kwenye damu.

Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 14 yenye jumla ya watu 1,136. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ambacho ndicho ulichoandikiwa wewe, kolesteroli yote ilishuka kwa wastani wa 0.19 na LDL, ile tunayoiita kolesteroli mbaya, kwa 0.06; HDL, ile tunayoiita kolesteroli nzuri, haikubadilika. Uchambuzi mkubwa zaidi wa mwaka 2020, wa majaribio 31, uliikadiria LDL kushuka kwa 0.12 hivi. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, hazikuonyesha mabadiliko ya kutegemewa.

Tuziweke namba hizo juu ya karatasi yako ya maabara. LDL yako ni 4.0. Chai ya kijani, ikikufanyia kama ilivyowafanyia hao kwa wastani, itaifikisha 3.9. Dawa za jamii ya statini, atorvastatini ikiwemo, hupunguza LDL kwa asilimia 30 hadi 50 kutegemea dozi, yaani kutoka 4.0 hadi kati ya 2.8 na 2.0. Ndiyo sababu nimekuambia usiiache. Na trigliseridi zako za 2.4, ambazo tungependa ziwe chini ya 1.7, zinahusiana moja kwa moja na vile vijiko 12, kwa kuwa ini likipata sukari kupita mahitaji huigeuza kuwa mafuta hayohayo.

Nisije nikaonekana adui wa chai. Utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 40,000 huko Japani, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja, hasa wanawake. Ni utafiti wa kuwaangalia watu tu, si wa kuwagawia vinywaji, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni chai iliyowalinda na wala si samaki wao au mwendo wao. Lakini vikombe viwili vyako havina ubaya, vinywe. Atorvastatini yako imeze kwa maji, si kwa chai, kwa kuwa kuna dalili kwamba chai ya kijani hupunguza kiasi cha baadhi ya dawa kinachofika kwenye damu. Mfano ulio wazi ni nadololi, dawa ya shinikizo la damu: katika jaribio la mwaka 2014, watu waliokunywa chai ya kijani kwa wiki mbili walikuwa na kilele cha dawa hiyo kwenye damu kilichopungua kwa asilimia 85.

La mwisho: ile pakiti yenye picha ya kiuno, igeuze usome viambato kwa nyuma. Ukikuta jani la sena limetajwa, hiyo ni dawa ya kuharisha iliyovikwa jina la chai. Kilo inayopungua nayo ni maji, na ukinywa glasi mbili za maji imerudi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa chai huku Kyenjojo. Majani mabichi nayapeleka kiwandani kwa bei ambayo sitaki hata kuiandika. Nilipokuwa Fort Portal nikaona kipakiti cha chai ya kijani, vifuko 25, bei yake inazidi kilo nyingi za majani yangu. Je, jani hilo silo hili langu? Na kama ndilo, siwezi kujitengenezea? — Mkulima, Kyenjojo

Ndilo, ndugu yangu. Mti ni mmoja, ule uliofika Uganda mwaka 1900 katika bustani ya mimea ya Entebbe na ambao leo umejaa vilima vyenu, vya Bushenyi na vya Kanungu. Tofauti iko katika saa chache baada ya kuchuma. Kiwandani jani lako hunyaushwa, husagwa na kukatwa, kisha huachwa lipate hewa; kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na katekini na kuzigeuza kuwa theaflavini na thearubijini, ambazo ndizo zinazoipa chai yetu ile rangi ya shaba na nguvu ya kubeba maziwa. Unaweza kuliona jambo hilo bila maabara. Sugua jani bichi viganjani hadi lichanike, liache juu ya ungo, urudi baada ya saa moja: kingo zimekuwa nyekundu, kama parachichi lililokatwa.

Chai ya kijani ni jani lilelile ambalo kimeng'enya chake kimeuawa kwa joto kabla hakijafanya kazi hiyo. Wajapani hulipitisha kwenye mvuke, Wachina hulikaanga kwenye karai kavu. Njia ya Wachina unaiweza nyumbani. Chuma kichipukizi na majani mawili ya juu, siku hiyohiyo. Weka sufuria kavu isiyo na hata harufu ya mafuta juu ya moto wa wastani. Geuza majani kwa mwiko bila kupumzika mpaka yalegee na ile harufu ya nyasi iondoke. Yamimine kwenye ungo, yafikiche kwa viganja yakiwa na joto, kisha uyarudishe kwenye moto mdogo mpaka yavunjike ukiyabana. Mara ya kwanza utayaunguza. Mimi yangu niliyaunguza mara tatu, nikayanywa hivyohivyo kwa ukaidi. Usichume kwenye mistari iliyopigwa dawa ya wadudu au ya magugu karibuni.

Ila usiidharau chai ya rangi unayoinywa sasa. Katekini zake zimepungua, lakini hizo theaflavini nazo zina kazi yake, na uchambuzi wa majaribio ya chai nyeusi umeonyesha punguzo dogo la LDL lisilo mbali na la chai ya kijani. Sharti ni kuinywa kavu, bila ile sukari tuliyomhesabia mama wa Bombo.

Binti yangu ana mimba ya miezi mitano na kliniki wamesema damu yake ni kidogo. Anapenda sana chai ya kijani pamoja na chakula cha mchana. Kuna neno? — Bibi, Jinja

Lipo, Bibi. Katekini hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, dodo na mboga nyingine za majani, na kuyazuia yasiingie mwilini, kwa hiyo asinywe chai ya aina yoyote pamoja na chakula wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Angoje walau saa moja hadi mbili. Kwa mimba aliyo nayo, ashike kikombe kimoja au viwili kwa siku, na habari za kupunguza unene aziweke kando hadi ajifungue.

Daktari, mazoezini kwetu Kawempe kuna kaka anayetuuzia vidonge vya dondoo la chai ya kijani, anasema kimoja ni sawa na vikombe kumi. Anatuambia tumeze viwili asubuhi kabla ya kula chochote. Nimetumia wiki sita, uzito umeshuka kidogo. Siku hizi sina hamu ya chakula, nachoka, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai kavu, sijui ni maji sinywi ya kutosha? — Kijana, Kawempe

Barua hii ilikuwa na namba ya simu, kwa hiyo hatukungoja toleo litoke. Tulimpigia siku ileile na kumwambia aache vidonge na aende hospitali kupimwa ini. Tunaichapisha kwa ruhusa yake, kwa sababu anasema wenzake wa mazoezini ni wengi.

Kikombe na kidonge si kitu kimoja kilichobadilishwa chombo. Anayekunywa chai hupata katekini kidogo kidogo kutwa nzima, mara nyingi tumboni kukiwa na chakula, na uchungu wenyewe humwekea mpaka. Kidonge hakina uchungu wala mpaka. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi na kueleza kwamba chai ya kijani ya kulowekwa kwa kawaida ni salama, lakini virutubisho vyenye miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku vilihusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, ambayo ni alama ya ini kuumia. Mapema zaidi, mwaka 2003, dawa moja ya kupunguza unene iliyotengenezwa kwa dondoo hilo iliondolewa sokoni Ufaransa na Hispania baada ya wagonjwa kuumia ini. Si kila anayemeza huumia. Wako wenye urithi fulani ambao ini lao ni jepesi kudhurika, na mtu hawezi kujijua kwa kujitazama kwenye kioo. Kumeza tumbo likiwa tupu huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu, kwa hiyo ushauri wa yule kaka ulikuwa kinyume kabisa cha unaotakiwa.

Iko hatari nyingine inayozihusu dawa za kukonda zinazouzwa mkononi. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamezikuta baadhi yake, zilizoandikwa kuwa ni za mimea mitupu, zimechanganywa na sibutramini, dawa ya kukata hamu ya chakula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa. Kifungashio hakitakuambia.

Kwa wengine mnaomeza vidonge hivyo, dalili za kuzishika ni uchovu usioelezeka, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, mwili kuwasha, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo wa rangi nzito, na weupe wa macho kugeuka manjano. Mkojo ambao haurudi kuwa mweupe hata baada ya kunywa maji mengi haungoji kesho. Ukienda hospitali chukua kopo lenyewe la vidonge, hata kama limeisha, na umtajie daktari kila kingine unachomeza, panadoli na dawa za kienyeji zikiwemo, kwa sababu mgonjwa akiulizwa kama anatumia dawa yoyote hujibu hapana, kwa kuwa anachotumia yeye anakiita chai.